Makinikia Yetu Wenyewe

Mwezi Juni mwaka 2017 walinijia watu watatu kwenye kibanda changu cha kazi hapa Kahama. Walikuwa wajumbe wa kamati ya vyombo ya kwaya moja ambayo sitaitaja jina. Walivua viatu mlangoni, ingawa sakafu yangu imejaa vumbi la mbao na hakuna mteja aliyewahi kunifanyia heshima hiyo. Nikajua mara moja kwamba wamekuja na habari mbaya.

Miezi miwili kabla ya siku hiyo waliniagiza nimtengenezee mpiga solo wao ubao wa pedali. Nilimpima kijana yule hatua za miguu, nikamtazama anavyosimama akipiga, nikachagua mbao za mninga, nikafanya kazi. Ubao ulikuwa umekamilika, umeegemezwa ukutani na kufunikwa kanga, unawasubiri wenyewe. Mwenyekiti wa kamati aliufunua, akaupapasa, akausifu. Kisha akasema: "Fundi, kazi yako ni nzuri, hatukatai. Lakini hii ni ya kwetu. Kwaya inakwenda kurekodi video, watu wataona. Tumekwisha kuagiza nyingine Dar es Salaam, inatoka nje."

Redio yangu ilikuwa inasema mezani. Siku zile nchi nzima haikuwa na mazungumzo mengine ila makinikia, ule mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa ukitoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi iliyo jirani zetu kabisa, kwenda kuyeyushwa ng'ambo. Mwezi Machi Serikali ilikuwa imezuia usafirishaji wake. Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa bandarini, na kamati mbili zilikuwa zimeundwa kuchunguza. Mwenyekiti alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema kwa uchungu wa kweli: "Wametunyonya sana hawa watu. Mali yetu wanaiita mchanga." Akamaliza chai yangu, akavaa viatu, akawaongoza wenzake kutoka. Ubao ukabaki.

Miaka imepita na hasira imepoa, lakini hoja haijapoa, na ndiyo inayonifanya niandike kurasa hizi. Nasema hivi: watu wanaolia kwamba dhahabu yao inaondoka ikiwa mchanga na kurudi ikiwa mkufu, kisha wao wenyewe wakaikataa kazi ya mikono ya jirani yao kwa kosa la kuwa ya jirani, hao wanasafirisha makinikia kila siku. Hakuna Serikali itakayozuia makontena yao, maana yamo vichwani.

Huenda msomaji hajui ubao wa pedali ni nini, naye hana kosa. Gitaa la umeme halisemi lenyewe. Sauti yake hupita kwenye waya hadi kwenye amplifaya na spika. Katikati ya safari hiyo mpigaji huweka vijisanduku vya chuma, kila kimoja na swichi yake ya kukanyaga kwa mguu. Hizo ndizo pedali. Moja huikwaruza sauti ikawa na ukali. Nyingine huipanua ikasikika kama magitaa mawili. Nyingine huirudisha kwa mwangwi, kama mtu aitaye bondeni. Kila moja inataka umeme wake mdogo wa volti 9, na kila moja inaunganishwa na mwenzake kwa waya mfupi. Ukiziacha zimetapakaa jukwaani, mwimbaji atazikwaa, waya utachomoka katikati ya wimbo, na utatafuta kosa gizani huku watu wanakutazama. Kwa hiyo zinapangwa juu ya ubao mmoja ulioinama kidogo kuelekea kwa mpigaji, zikafungwa imara, zikapewa umeme kutoka mahali pamoja. Ubao huo una mfuniko na mkono wa kubebea, na safarini unakuwa sanduku.

Mtu akisikia hivyo hudhani ni kazi ya seremala tu. Seremala yumo, lakini yumo pia fundi redio, na yumo mtu anayejua kumtazama mpiga gitaa. Mimi nilianza kwa kutengeneza redio mjini Shinyanga, nikapiga gitaa la ridhimu katika bendi ndogo iliyokufa kabla haijajulikana, ndipo nikahamia Kahama. Kazi zote tatu zinakutana kwenye ubao huu.

Sasa nitaeleza jambo ambalo kamati ile haikulijua. Huko nje kwenyewe wanakokusifu, ubao wa heshima ni ule uliotengenezwa kwa mkono. Pedali ya kukwaruza sauti ilianza kuuzwa madukani Marekani mwaka 1962, na miaka michache baadaye ikaja ile ya kulia kama mtoto, inayochezwa kwa unyayo mbele na nyuma. Kufikia miaka ya 1970 wapigaji wakubwa walikuwa na pedali nyingi kuliko walivyoweza kuzimudu. Wakafanya nini? Walikwenda kwa mafundi. Uingereza, Pete Cornish alikuwa akimtengenezea David Gilmour wa Pink Floyd mbao zake kwa mkono, moja moja. Marekani, katika miaka ya 1980, Bob Bradshaw alijipatia jina kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Ubao wa kiwandani unamfaa mtu yeyote, maana yake haukumfikiria mtu hata mmoja. Wenye uwezo na ujuzi humwendea fundi anayewajua. Kamati yetu, kwa kutaka kuwafuata wakubwa wa dunia, ilimkimbia fundi ikaenda dukani. Iliwafuata kinyumenyume.

Lakini tuache ya ng'ambo. Nitajenga hoja yangu hapa hapa, kuanzia Shinyanga mpaka Geita, kwenye vumbi na umeme wetu.

Jambo la kwanza ni umeme. Kwenye miji ya machimbo kama Katoro au Nyarugusu, kanisa, ukumbi na karasha la kusagia mawe vinaweza kunywa kutoka kwenye waya mmoja. Karasha linapowaka, taa zinafifia. Fundi wa kuchomelea milango akigusa chuma chake mtaa wa pili, spika inakoroma. Adapta ya kiwandani inayogawa umeme kwa pedali zote imetengenezewa nyumba yenye umeme mtulivu. Hapa inapitisha mngurumo wote mpaka kwenye spika, na mpiga solo anapiga huku nyuki wanavuma nyuma yake. Mimi niliacha kupigana na waya wa ukutani. Chini ya ubao ninaweka betri ya volti 12, ya saa 7 za ampia, ndogo kama zile za kengele za ulinzi, pamoja na kidude cha kushusha umeme hadi volti 9, ambacho ninakifunga kwenye kipande cha aluminiamu ili kisiungue kwa joto. Pedali tano za kawaida pamoja hazili hata nusu ampia. Hata ukiikadiria betri kwa nusu ya uwezo wake, unapata saa saba au nane. Huo ni mkesha mzima, kutoka maombi ya kufungua mpaka jogoo. Ukuta ukikatika umeme, jenereta likiwashwa, likizimika, pedali hazina habari. Na mngurumo ule wa adapta haupo, kwa sababu betri haikunywa kwenye waya mmoja na karasha.

Jambo la pili ni vumbi. Vumbi la mawe yaliyosagwa si vumbi la barabarani. Ni kali, linaingia kwenye swichi na kwenye vitufe vya kuzungusha, na baada ya miezi michache kila ukizungusha sauti inakwaruza kama kuku. Mbao nyingi za kiwandani ziko wazi, ni vyuma vyenye nafasi katikati, kwa sababu aliyezichora alifikiria wepesi, hakufikiria mwalo na karasha. Wa kwangu una sakafu isiyo na tundu, na mfuniko wake una mpira pembeni niliokata kwenye tyubu ya baiskeli. Ukifungwa, umefungwa.

Jambo la tatu ni safari. Mpiga gitaa wa huku hasafiri kwa gari la bendi. Anasafiri kwa bodaboda, gitaa mgongoni na ubao mapajani, katika barabara ambayo mawe yake yana ugomvi na kila skrubu. Ndiyo maana natumia mninga. Ni mti wa miombo yetu. Mbao yake ikikauka haijikunji wala haipasuki ovyo, na mchwa hawaupendi. Siendi kukata mti. Ninanunua vipande vinavyobaki kwa mafundi vitanda, ambavyo vingeishia kuwa kuni. Pembe nazifunga kwa chuma, na ndani naweka bawaba zilizozama ili zisinase nguo.

Jambo la nne, na ndilo kubwa, ni mguu. Alikuja kwangu kijana mmoja mchimbaji mdogo, mwenye mguu wa kulia uliodhoofika tangu utoto. Mchana alikuwa akihesabu viroba vya mawe kwenye duara, jioni akipiga gitaa kanisani. "Shikamoo mzee," aliniambia, "kila ubao ninaoujaribu, pedali ninayoihitaji kwa haraka iko kulia. Nikikanyaga kwa kulia naanguka, nikikanyaga kwa kushoto nakosa nyingine." Nilimsimamisha kwenye karatasi kubwa ya kaki, nikachora nyayo zake zinapotua bila kufikiri. Pedali ya mwangwi na ya ukali nikaziweka kushoto, zilizobaki nikazipanga kwa urefu wa hatua yake, na upande wa kulia nikauacha mtupu, na ukingo wa kuegemezea mguu. Aliupiga wimbo mmoja pale pale kibandani. Hakutazama chini hata mara moja. Hebu nitajieni kiwanda kitakachomtengenezea kijana huyo ubao huo. Hakipo, wala hakitakuwapo, kwa sababu kiwanda hutengeneza kwa ajili ya maelfu, naye ni mmoja.

Watanijibu: "Fundi, unapiga kelele, lakini pedali zenyewe si zinatoka Japani na China? Unajivunia ubao huku moyo wake ni wa kigeni." Ni kweli, wala sijawahi kusema ninatengeneza transista. Sikatai kitu cha nje kwa sababu ni cha nje. Huo ungekuwa ujinga ule ule uliogeuzwa nguo ndani nje. Gitaa lenyewe lilitoka mbali. Ninachosema ni kwamba kila kitu kinachotoka mbali kinahitaji mtu wa hapa wa kukifanya kikae hapa. Cherehani ilitoka ng'ambo, lakini hakuna anayeagiza ng'ambo mshono wa nguo ya harusi ya bintiye. Anamwendea fundi apimwe. Kwa nini nguo ipimwe, na mguu wa mpiga gitaa usipimwe?

Wengine watasema mambo ya pedali si ya kwetu tangu asili, kwamba wazee wetu walipiga ngoma tu. Hao hawakuwasikiliza wazee wao. Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na ndono, upinde wenye uzi mmoja na kibuyu kilichofungwa kwenye mti wake. Mpigaji anagonga uzi kwa kijiti, huku mdomo wa kibuyu akiuweka kifuani. Akikibana kifuani, sauti inajifunika, akikiachia, inafunguka. Anafunika na kufungua, na upinde unanung'unika na kulia. Ile pedali ya kulia kama mtoto, iliyowashangaza Wazungu katika miaka ya 1960, ilikuwa kifuani kwa mzee wa Kisukuma kabla ya waya wa umeme kufika huku. Na Wagogo, katika marimba zao za mkono ambazo Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizipeleka kwenye majukwaa ya dunia, huziba vitundu kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo wa kukwaruza. Walikuwa wanaitia sauti ukali kwa makusudi. Wazee wetu hawakuridhika na sauti tupu. Waliipindisha, wakaipaka, wakaifunika, kwa kibuyu na utando. Mimi nafanya kazi ile ile kwa mninga na betri.

Watu wa Shinyanga tusiwe wepesi kusahau, kwa maana tumekwisha kufundishwa somo hili na ardhi yetu. Kulikuwa na wakati mkoa huu ulitajwa kama jangwa linalokuja. Miti ilikuwa imekatwa, mifugo imemaliza majani. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi mwaka 2004. Dawa iliyofanya kazi kuliko zote haikutoka mbali. Ilikuwa ngitili, desturi ya Wasukuma ya kuzuia eneo la malisho lipumzike mpaka kiangazi. Desturi iliyokuwa imedharauliwa na kubaki kwenye mamia ya hekta ikaenea ikafika mamia ya maelfu. Mwaka 2002 mpango huo ukapewa tuzo ya kimataifa. Wageni walikuja kujifunza neno ngitili. Nauliza: ilikuwa lazima wageni waje ndipo tujue kwamba babu zetu walikuwa na akili?

Sasa nigeukie machimbo, kwa sababu hapo ndipo uchungu wangu unapolala. Wapo wanaosema machimbo na muziki haviendi pamoja, kwamba mchimbaji ana fedha ya bia na si ya gitaa. Historia inakataa. Muziki wa gitaa ulioimbwa kwa Kiswahili kule Katanga ulikua kwenye miji ya migodi ya shaba. Mwaka 1952, mjini Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana aitwaye Jean-Bosco Mwenda akipiga gitaa kavu kwa namna ambayo mpaka leo wapigaji wa dunia wanajifunza vidole vyake. Mishahara ya migodi ndiyo iliyonunua magitaa, na jioni za kambi ndizo zilizowapa wasikilizaji. Baadaye kutoka Lubumbashi, mji wa migodi hiyo hiyo, walitoka wanamuziki wa Maquis walioishia Dar es Salaam na kubadili dansi ya nchi hii. Shaba ya Katanga iliondoka ikaenda zake, mashimo yakabaki. Lakini ilituachia mtindo wa kupiga gitaa.

Geita itatuachia nini? Dhahabu ya mgodi mkubwa wa Geita ilianza kumiminwa mwaka 2000. Bulyanhulu ilifuata mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Kabla ya hao wote kulikuwa na almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa na Williamson mwaka 1940. Buzwagi imekwisha kufungwa, mwaka 2021, na watu wa Kahama tumeona kwa macho yetu kwamba mgodi una mwisho. Mwaka 2012 Geita ilipata kuwa mkoa. Mwaka 2019 masoko ya madini yalifunguliwa ili mchimbaji mdogo auze kwa mizani ya halali. Mambo hayo ni mema, nayapongeza. Ila nauliza swali la mtu wa kibandani: katika fedha yote iliyopita mikononi mwetu, kiasi gani kimegeuka kuwa ujuzi unaobaki mgodi ukifungwa? Mtoto anayejifunza kwangu kuchoma waya kwa risasi na kupiga randa mninga, akifika miaka kumi na saba anaitwa kwenye duara. Kule anaweza kupata kwa wiki moja ninachompa kwa miezi miwili, au asipate kitu, au afukiwe. Vijana wawili wamekwisha kuniacha hivyo. Sikuwalaumu. Ubao uliobaki ukutani ndio ungelipa mshahara wa mmoja wao.

Hapa inanipasa nijishitaki mwenyewe, maana mtu akinyooshea wengine kidole atazame vitatu vinavyomwelekea. Mwaka 2014, kabla ya kamati ile, niliwahi kutengeneza mbao mbili zinazofanana. Moja niliitundika kibandani bila jina. Ilikaa miezi mitano. Nyingine niliipaka rangi nyeusi kuficha mninga, nikabandika juu yake maandishi ya Kiingereza niliyochapishiwa kwa mtu wa stika, jina la kampuni ambayo haikuwahi kuwapo. Nikampa rafiki aiuze Mwanza. Iliuzwa kwa siku tisa, kwa bei mara mbili ya ile nyingine. Nilifurahi kwa usiku mmoja. Asubuhi nilipopokea fedha ile niliona nimejiuza mwenyewe. Nilikuwa nimethibitisha kwamba kosa halikuwa kwenye ubao. Kosa lilikuwa kwenye jina langu, na mimi nilikuwa wa kwanza kulifuta. Tangu siku ile kila ubao unaotoka kwangu una jina langu na neno Kahama, vimechomwa kwa chuma cha moto kwenye mbao tupu isiyopakwa rangi. Mteja asiyelitaka aende salama.

Na mafundi wenzangu wasinipigie makofi upesi, kwa sababu nina neno nao pia. Jina letu halikuharibiwa na wageni peke yao. Sisi ndio tulioleta msemo wa "njoo kesho". Tumechukua fedha ya mtu ya awali tukaila kabla ya kununua mbao. Tumetia skrubu mbili pahali pa nne, tukijua kosa litaonekana tukiwa mbali. Hatuandiki risiti, hatutoi muda wa kurudisha kitu kikiharibika, kisha tunalia kwamba watu wanapenda vya dukani. Mtu anayenunua dukani hanunui uzuri tu. Ananunua siku iliyotajwa na ahadi iliyoandikwa. Mimi nimejifunza kwa kupoteza wateja. Leo naandika tarehe, napokea nusu, na ubao ukivunjika ndani ya mwaka mmoja naurekebisha bure, hata ukiwa umetoka Bukombe. Uzalendo wa mnunuzi hauwezi kufunika uvivu wa mtengenezaji.

Limebaki neno moja, nalo ni kwa wapiga magitaa wenyewe. Katika historia ya dansi yetu, mpigaji hakuwa na kitu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Nyingine zilikuwa za majeshi, mashirika au tajiri mmoja. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Mwanamuziki akigombana na mwenye vyombo alitoka mikono mitupu, na vidole vyake havikuwa na mahali pa kulia. Makanisani leo ni hivyo hivyo: gitaa la kwaya, spika za kwaya, kinanda cha kwaya. Ubao wa pedali ni kitu cha kwanza ambacho kijana wa huku anaweza kukimiliki kwa jasho lake na kuondoka nacho. Umepimwa kwa mguu wake, umepangwa kwa sikio lake, na mtu mwingine akiukanyaga atapotea. Ndiyo maana siuoni kama fenicha, na ndiyo maana naumia kamati inapomchagulia kijana chini ya miguu yake kitu cha kupendeza kwenye picha.

Kamati ile ilirudi. Baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata waliniletea ubao wao wa nje, mzuri, mweusi, mwepesi. Ulikuwa unavuma kanisani kiasi kwamba mchungaji aliomba uzimwe wakati wa mahubiri. Niliufungua nikakuta umetengenezwa kwa ustadi. Aliyeutengeneza alikuwa fundi, nami nilimheshimu. Alikuwa tu hajui anautengenezea wapi. Wakaniomba niutilie betri kama zangu. Nikawauliza: "Na jina langu nitaweka wapi?" Walitazamana. Mwenyekiti akasema, "Weka, fundi, lakini chini, pasipoonekana."

Siku ile mke wangu alikuwa anadai ada ya shule ya mtoto, na kibandani hakukuwa na kazi nyingine. Nililiweka chini. Nakiri hivyo kwa sababu mtu anayeandika maneno makali kama haya anapaswa kueleza pia siku alipoinama. Ule ubao wao wa kwanza, wa mninga, nilimwuzia mpigaji mmoja wa Masumbwe kwa malipo ya mara tatu. Jina liko juu, na hajawahi kuniambia kwamba limemharibia picha.

Basi, wewe unayesoma, ukiwa kwenye kamati yoyote, ya kwaya, ya shule au ya harusi, na ukaletewa kazi ya mtu wa mtaani kwako, ikague kwa ukali wote. Pima pembe zake, vuta waya zake, dai risiti na dai tarehe. Ikiwa mbovu, irudishe bila huruma, utamsaidia aliyeitengeneza. Lakini ikiwa nzuri, usitafute kosa lake katika neno "ya kwetu". Ilipe bei yake, na jina la aliyeitengeneza uliache juu, mahali ambapo watoto wetu wanaweza kulisoma.